Kila Nyumba Ina Nshomile Mmoja Mwenye Mkia

Katiza Rwamishenye au Kashai, hapa Bukoba, mchana kweupe, uone mageti yalivyoandikwa MBWA MKALI kwa rangi nyekundu inayochuruzika. Gonga hodi kwenye mojawapo. Kabla hujaulizwa jina utasikia, "Subiri tufunge mbwa!" Inafuata minyororo, bati linabamizwa, dogo anafokewa kwa Kihaya. Geti likifunguka unamkuta huyo mkali mwenyewe kalala chali anataka akunwe tumbo, hana habari kabisa na tangazo lake. Sogea nyumba ya tatu, isiyo na rangi wala maandishi, kijibwa cheusi kinakuja kimya kimya kwa nyuma, na jinzi yako ya mtumba uliyoibania hela mwezi mzima inageuka kaptula.

Wengi wetu huku tunafuga mbwa kwa rangi ya ukutani. Kumfundisha mwenyewe? Nani ana muda huo.

Bongo nzima inatutania kina Nshomile: eti ukikutana na Mhaya, kabla ya salamu kashakutajia digrii. Freshi, tumeshazoea. Ila zichunguze hizo nyumba zenye vyeti vya fremu sebuleni. Humo ndani kuna mmoja tu hajawahi kukalia dawati, na ndiye anayeendesha darasa. Anabweka saa kumi na moja alfajiri, dingi anaamka kumfungulia. Kesho anajaribu saa kumi na nusu, dingi anaamka tena huku analaani. Wiki ikiisha mzee wa watu anaamka saa kumi kamili bila alamu, anafungua mlango kwenye baridi ya ziwa, halafu asubuhi kijiweni anawaambia wenzake mbwa wake ni mjinga, hafundishiki. Mjinga nani hapo, mwanangu?

Msala wa kwanza ni lugha. Sijui nani aliwaambia washua wetu kwamba mbwa anaelewa Kiingereza tu. Dingi ambaye na wanawe anaongea Kihaya na Kiswahili, akisimama mbele ya mbwa anageuka balozi: "Sidauni! Kamu hiya!" Bimkubwa anatoa amri zake kwa Kihaya, haraka haraka, mwiko mkononi. Dogo wa darasa la tano anasema "kaa". Sisi wa geto tunasema "tulia basi, mwana". Amri moja ina majina manne, na kila mtu anamaindi kwa nini mbwa haelewi. Anaelewa sana, ila kitu pekee kinachofanana kwa wote ni mwiko, kwa hiyo anausoma mwiko. Chagueni neno moja fupi, nyumba nzima ilitumie hilo hilo, na akikaa apewe kitu papo hapo, sekunde moja au mbili, zisizidi. Ukianza kupapasa mfukoni unatafuta dagaa, yeye keshasimama na anajikuna, basi umemlipa kwa kujikuna. Kesho utamwambia kaa, atajikuna, na atakuangalia kwa matumaini.

Mrusi Ivan Pavlov, aliyepewa Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake ya mmeng'enyo wa chakula, aligundua kwamba mbwa wake walidondosha mate kabla hata msosi haujafika, kwa kusikia tu dalili zake. Jamaa angetua Bukoba asingehitaji maabara. Angeketi pembeni ya mama ntilie saa saba mchana. Mwiko ukigonga ukingo wa sufuria, mbwa wa mitaa mitatu washafika, kila mmoja na nafasi yake, na hakuna aliyewaita. Hawa hawa ndio tunaambiwa hawafundishiki.

Sasa twende kwenye kesi ya ndala. Hakuna nyumba yenye kijibwa cha miezi minne ambayo haina ndala moja isiyo na mwenzake. Kinyama kweli. Na hafuati zile za buku tatu, anafuata raba ya sista ya kwendea kanisani, maana ndiyo yenye harufu nzuri ya mguu. Kati ya miezi minne na sita meno ya utoto yanang'oka na ya ukubwani yanatoka, fizi zinawasha, lazima atafune kitu. Usipompa cha kutafuna, atajichagulia. Kipande cha kamba nene, mfupa mbichi mkubwa wa ng'ombe kutoka buchani, hata karoti, vinasaidia. Mifupa ya kuku iliyopikwa kausha nayo kabisa, inavunjika vipande vyenye ncha na inamchana ndani.

Kinachochekesha ni kesi yenyewe inavyosikilizwa. Sista anarudi saa kumi, anakuta raba imeliwa tangu asubuhi. Anaiokota, anampelekea mbwa puani, anafoka. Mbwa anainamisha kichwa, masikio chini, macho pembeni, mkia katikati ya miguu. "Mnaona? Anajua alichofanya!" Hukumu imesomwa. Lakini mwaka 2009 mtafiti wa New York, Alexandra Horowitz, alilichimba jambo hili kwa ujanja. Wenye mbwa waliwakataza mbwa wao wasile kitu, wakatoka chumbani. Wakirudi, wengine waliambiwa mbwa kala, kumbe hajala, na wengine kinyume chake. Ile sura ya toba haikufuata kosa. Ilifuata kufokewa. Mbwa ambaye hakugusa kitu, akigombezwa, aliivaa ile sura vilevile. Kwa hiyo pale sebuleni mbwa hakumbuki raba. Anamsoma sista: kanuna, sauti imepanda, ngoja nijikunje yapite. Mbwa mpelelezi kuliko sisi, na kesho raba ya pili inaliwa kama kawa, kwa sababu hakuna somo lolote lililofika. Anayetakiwa kufundishwa kupandisha viatu juu ya kabati ni sista, ila mwambie wewe, mimi bado naishi naye.

Msosi nao una vituko vyake. Mbwa wa Kagera ni Mhaya kamili: anakula ndizi. Kuna jamaa wa Dar alikuja kusalimia Muleba, akaona mbwa wa kijijini anapiga bakuli la ndizi na maharage mpaka analamba chini, akapiga picha akadhani ni maajabu. Maajabu gani, ndicho kilichopo. Wa mwambao wana zali zaidi. Pale mwaloni Kemondo dagaa wakianikwa, mbwa wamenona, manyoya yanang'aa, na akina mama wanalinda kwa fimbo kutwa nzima. Mapanki ya sangara yakitoka, wanagawana kwa vyeo. Halafu kuna Novemba na Desemba, msimu wa senene. Taa kali zinawashwa, mabati yanasimamishwa, mapipa yanasubiri chini, na katikati ya hiyo mishe unamwona mbwa anaruka hewani anadaka senene mmoja mmoja, mabawa kwa miguu, bila kumenya. Usiku huo hata mwizi apite na jiko la gesi kichwani, mlinzi wako yuko kazini kwingine.

Ila kuna sehemu inabidi tuwe siriasi kidogo. Kahawa. Uwanja wa nyumba nyingi za huku, kahawa ikivunwa, umetandazwa turubai, na mbwa anaona katandikiwa godoro. Bibi anamfukuza kwa sababu ya usafi wa kahawa, ana haki. Mimi naongeza sababu nyingine: kafeini ni sumu kwa mbwa. Moyo unamwenda mbio, anatetemeka, na kipimo kikizidi anaweza kufa. Robusta, ambayo ndiyo imejaa Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Kwa hiyo ile kahawa ya kutafuna anayokaribishwa mgeni, usimrushie mbwa kwa utani. Chokoleti pia hapana. Vitunguu pia hapana, vinaharibu damu yake, na hapa ndipo rosti la jana linapoingia kwenye mashaka.

Tabia ya kuomba mezani wengi wanaiita njaa. Hapana, huo ni mkeka. Unajua unavyobeti: unachana mikeka wiki nzima, umeapa unaacha, Jumamosi moja unakula laki, basi umeingia miezi sita mingine. Mbwa chini ya meza ni mteja huyo huyo. Siku tano anaambiwa toka, ya sita shangazi anamhurumia anamdondoshea kichwa cha sato, na hapo ndipo mlipomfunga. Mmarekani B. F. Skinner na mwenzake Charles Ferster waliandika kitabu kizima mwaka 1957 juu ya jambo hili, kazi kubwa wakiifanya na njiwa: malipo yanayokuja mara mojamoja bila ratiba ndiyo yanayofanya tabia ing'ang'anie kuliko malipo ya kila mara. Kumkatia ni kumkatia wote, pamoja na shangazi. Na jiandae, maana kabla hajaacha ataongeza dozi kwanza. Atalia, ataweka mguu kwenye paja la mgeni, atakuangalia kama umemuua mama yake. Ukilegea siku hiyo umemfundisha kwamba kukaza kunalipa.

Sasa panda gari, uache mji, upande Kamachumu au Nshamba. Huku mbwa ni mali ya kibanja. Nyumba iko katikati ya migomba, giza likiingia huoni mita tano mbele, na ndizi, kahawa na mbuzi vina wateja wa usiku. Mbwa mmoja akianza, anampokeza wa jirani, yule anampokeza wa ng'ambo, taarifa inashuka bonde zima haraka kuliko simu ya mkononi. Wazee waliotoka kwenye pombe ya rubisi wanawajua mbwa wote wa njiani kwa majina na wanawasalimia kwa adabu kuliko wanavyowasalimia wenye nyumba.

Na huku ndiko kuna imani inayonikata stimu: mbwa mzuri lazima awe mkali, na ukali unatengenezwa. Kuna watu wanampa pilipili. Wengine wanamlisha nyigu, kwamba sumu ya nyigu itahamia kwenye meno. Mwingine anakifungia kijibwa gizani toka kidogo kisione watu, kitoke humo simba. Nimewahi kumuuliza mzee mmoja, kwa heshima zote, "Shikamoo babu, waitu, hiyo pilipili inafanya kazi vipi?" Akaniangalia. "Wewe umesoma, huwezi kuelewa."

Sawa babu, ila niseme nilichosoma. Pilipili inamuumiza mdomo na tumbo, basi. Nyigu wanaweza kumvimbisha koo akakosa pumzi. Na lile giza ndilo baya kuliko yote, kwa sababu wiki za kwanza za kijibwa, kama kuanzia ya 3 mpaka ya 12 au ya 14, ndizo anazojifunza dunia ina nini: watoto, wazee wenye fimbo, mwavuli, pikipiki, mbuzi, radi kwenye bati. Asichokutana nacho hapo kwa amani, ukubwani atakiogopa, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata bila hesabu. Anamng'ata mjukuu. Anamng'ata mwalimu aliyekuja kuuliza mahudhurio. Mwizi anayejua mambo anamrushia pande la nyama, anapita. Yule mbwa aliyelelewa na watu, anayejua nani wa nyumbani na nani hapana, ndiye anayestuka kitu kikikaa vibaya saa nane usiku, anabweka, watu wanaamka. Kazi aliyoajiriwa ni hiyo, ya kubweka. Kukamata waachie wenye sare.

Radi nayo ni somo zima kwa mji kama Bukoba, ambako mvua ikishika Machi mpaka Mei haiulizi mtu. Bati linanguruma, mbwa anajichimbia uvunguni kwa bibi. Usimtoe kwa fimbo. Mwache, mpe pembe yake, mvua ndogo ndogo ziwe ndizo za kumpa kitu kitamu. Na usijifanye mwamba sana, mwanangu, na wewe ikipiga ile ya pili unavuta shuka.

Mjini tatizo linageuka. Bukoba tunabanana: Mkatoliki, Mlutheri na Mwislamu ukuta mmoja, kamba ya nguo moja. Mbwa wako anayerukia watu kwa furaha wewe unamwona ana upendo. Jirani yako anatoka Ijumaa na kanzu nyeupe imepigwa pasi, anakwenda msikitini, lile pua lenye maji linatua kifuani. Katika madhehebu ya Shafi, wanayoyafuata Waislamu wengi wa pande zetu, palipoguswa na mate ya mbwa paoshwe mara saba, moja kwa udongo. Wewe umemchelewesha mtu swala kwa sababu unaona uvivu kumfundisha mbwa wako kutulia. Kiroho safi kabisa, hilo ni soo lako, la mbwa halipo. Dawa yenyewe ni nyepesi ila inachosha: akiruka, geuka, mpe mgongo, usiongee, usimsukume kwa mikono maana kwake huo ni mchezo. Miguu yote minne ikigusa chini, hapo ndipo salamu. Wageni nao waelekezwe. Kuna mchizi wangu akija tu anapiga mapaja, "Njoo mwanangu, njoo!", anarukiwa, anacheka, anasepa. Kazi ya wiki nzima inafutika kwa dakika moja.

Kitu kingine ni kamba. Huku mbwa anafungwa mnyororo kutwa au anazurura kutwa, katikati hakuna. Kutembea naye kwa kamba wanakuona bishoo umetoka Masaki. Nenda na mbwa ufukweni jioni uone. "Braza, unauza?" "Anakula kilo ngapi?" "Kazi umekosa?" Kwa sababu hiyo mbwa wengi wanavalishwa kamba siku moja tu kwa mwaka, siku ya chanjo, na hiyo siku ni sinema. Watoto ndio wanaotumwa. Kila mmoja kaja na mbwa wake, kamba ya maganda ya mgomba shingoni, mbwa anavuta kushoto, dogo anavutwa kulia. Madume yanakutana kwa mara ya kwanza yakiwa yamebanwa, vita inalipuka, kamba inakatika, mbwa anatoka nduki, dogo nyuma yake analia, "Bojo, mkamateni!" Mtaalamu wa mifugo kasimama na sindano anasubiri kimeumana kiishe. Mbwa aliyefika na kudungwa anajifunza jambo moja tu: kamba ni sindano. Mwaka kesho humpati. Mvalishe kamba nyumbani kuanzia sasa, ale nayo, acheze nayo, atembee nayo mpaka dukani na kurudi, kamba iwe habari za kawaida.

Na chanjo yenyewe usiipige chenga. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni kama hakuna. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa watu hutoka kwa mbwa, na watafiti walishakadiria kwamba Tanzania inapoteza watu wapatao 1,500 kwa mwaka, wengi wao watoto wa vijijini, kwa ugonjwa unaozuilika. Mbwa achanjwe kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Mbwa 7 kati ya 10 wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Pemba walikaza hivyo hivyo, mwaka baada ya mwaka, mpaka wakaukata. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya ugonjwa huu, siku aliyofariki Louis Pasteur, aliyetengeneza chanjo yake, mwaka 1895, na sehemu nyingi chanjo hutolewa karibu na siku hiyo, kwa hiyo ukisikia tangazo la kipaza sauti linapita usidhani ni la mkutano. Mtu aking'atwa: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Chumvi, majani na mafuta ya taa achana navyo.

Bodaboda sitaongea sana. Mbwa anaikimbiza kwa sababu inakimbia, na kila siku anashinda: alibweka, pikipiki ikaondoka. Kwenye kitabu chake ana rekodi safi ya ushindi. Fuga ndani ya uzio, mwite kwa kitu kitamu kabla haijamfikia, na madereva mpunguze mateke, mnamwongezea mzuka.

Kwa anayetaka kuanza mwenyewe, jike la jirani yetu wa Hamugembe limezaa, vijibwa vya rangi ya kahawa na kimoja cheusi chenye soksi nyeupe. Hawatoki kabla ya wiki nane, wasije wakakosa shule ya mama yao, anayewang'ata masikio wakizidisha. Pesa haitakiwi, njoo na hela ya dawa ya minyoo, kamba, na jina. Jina liwe fupi, la kuitika. Wale mnaotaka kumwita mbwa Watajiju, Mtasemasana au Hawachoki, ili kila ukimwita jirani apate ujumbe wake, pitieni mbali, tuna mgogoro wa mpaka wa migomba unatutosha.